Diploma bila daftari: historia ya veterinere wa Butembo na Beni

Katika komini nne za Butembo, yaani Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, anayemdunga mbuzi sindano kwa kawaida si daktari wa chuo kikuu. Ni veterinere aliyesoma sekondari ya ufundi, akafaulu mtihani wa Serikali na kupata diploma ambayo kila mtu huiita A2. Mwingine ameongeza miaka mitatu ya chuo, naye ni A1. Mwingine hana hata moja. Kazi aliijua kwa kumbebea mzee wa fani mkoba wa dawa. Wote watatu huamshwa usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa, wote huuza dawa ya minyoo, wote huitwa veterinere kwa heshima ileile. Mfugaji hana mahali pa kuuliza nani ni nani.

Hali hiyo ilijengwa polepole, kwa muda wa karne moja. Kila utawala uliopita juu ya milima ya Lubero na bonde la Semliki ulimhitaji mtu huyu. Ulimfundisha kidogo, ukamtuma mbali, ukamlipa ulipoweza. Jambo ambalo halikufanyika ni kumfungulia daftari la fani: jina lake, kiwango chake, kazi anazoruhusiwa, daktari anayemsimamia, na hatua zitakazochukuliwa akivuka mpaka. Historia ya veterinere wa Butembo na Beni ni historia ya daftari hilo lililokosekana.

Sheria iliyomtazama ng'ombe

Kisa kinaanza na sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika kupitia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, ukafika Maziwa Makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla karne haijaisha ulikuwa umefika kusini kabisa mwa bara. Ng'ambo ya Semliki, katika nchi za Toro na Ankole, ng'ombe waliteketea na umaskini ukaingia katika nyumba zilizokuwa za watu wazito. Wanande wa milima ya Mitumba walikuwa zaidi wakulima wenye mbuzi, kondoo na kuku, kwa hiyo pigo hilo halikuwapata kama lilivyowapata wachungaji wa tambarare. Lakini serikali ya kikoloni iliyokuja kuwatawala ilikuja ikiwa na hofu ya sotoka moyoni.

Ubelgiji uliichukua Kongo mwaka 1908. Miaka kumi na miwili baadaye ugonjwa uleule uliufikia Ubelgiji wenyewe: mwaka 1920 ng'ombe aina ya zebu waliosafirishwa kutoka India kwenda Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, wakauacha huko. Mshtuko wa Antwerp ndio uliozaa, tarehe 25 Januari 1924, shirika la kimataifa la afya ya wanyama lenye makao yake Paris, ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa herufi OIE na siku hizi ni WOAH. Fikra ya zama zile ilikuwa kuulinda mpaka dhidi ya ugonjwa: tangaza, funga njia, zuia mnada, chinja wagonjwa, chanja wazima. Sheria za koloni zilifuata mkondo huo. Zilieleza ng'ombe apite wapi, akiwa na karatasi gani, na akae siku ngapi chini ya uangalizi. Kuhusu mikono itakayomshika ng'ombe huyo, zilikuwa na maneno machache.

Mikono hiyo ilikuwa ya Waafrika. Katika miaka ya 1920 na 1930 nchi ya Wanande ilibadilika haraka. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka 1925. Mapadre Waasumpsionisti walifika mwaka 1929. Kampuni ya madini ya Grands Lacs, iliyojulikana kama MGL, iliweka kambi zake Butembo na kuvuta wafanyakazi waliohitaji kula nyama. Walowezi wa Kizungu walipata ardhi kwenye nyanda za juu za Lubero, kwenye baridi inayofaa ngano, mboga na ng'ombe wa maziwa. Katika bonde la Semliki malale yaliwafanya watawala wawahamishe watu kwa nguvu. Daktari mmoja wa mifugo alipewa eneo ambalo gari lake lisingeweza kulimaliza kwa mwezi. Kazi ya kila siku ilibaki kwa wasaidizi: kuhesabu mifugo, kuogesha dhidi ya kupe, kuchanja, kuhasi, kukagua nyama, kupeleka habari za vifo kwenye teritware.

Ng'ambo ya pili ya ziwa Kivu, serikali hiyohiyo ya Kibelgiji ilijaribu kuwapa wasaidizi hao elimu ya kudumu. Shule ya Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye, nchini Rwanda, ilifungua milango mwaka 1932 chini ya Mabruda wa Upendo, na miongoni mwa vitengo vyake kilikuwepo cha wasaidizi wa mifugo. Kaskazini, huko Nioka katika Ituri, kituo cha utafiti cha INEAC kilichunguza malisho na mifugo na kuwazoeza Waafrika kazi za zizi. Vijana waliotoka mahali kama hapo walijua kusoma dalili za ugonjwa na kushika sindano kwa usafi.

Hata hivyo, mamlaka yao yalikuwa ya kuazima. Yalitoka katika barua ya kazi. Akiwa na barua, msaidizi alikuwa mtu wa Serikali na mlowezi alimsikiliza. Akiachishwa, alirudi kijijini bila fani inayotambulika. Leseni ya fani hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Ni mali ya mtu mwenyewe, humfuata anakohamia, na humbana hata siku ambayo hana mwajiri. Veterinere wa Kongo alipewa barua, leseni hakupewa.

Daftari la madaktari peke yao

Kwenye makoloni ya Kiingereza jambo lilikwenda kwa njia nyingine. Kenya ilipata sheria ya madaktari wa mifugo mwaka 1953, na Uganda ikapata yake mwaka 1958. Sheria hizo ziliunda bodi na daftari. Mwenye shahada aliandikwa, asiye na shahada alikatazwa kujiita daktari. Msaidizi wa Kiafrika, ambaye ndiye aliyekuwa mnadani na joshoni kila asubuhi, hakuwa na ukurasa wake.

Kwa hiyo pande zote mbili za mpaka wa Kasindi, kati ya Kongo na Uganda, msaidizi alikuwa nje ya sheria ya fani. Tofauti ilikuwa katika kile kilichobaki baada ya wakoloni kuondoka. Kenya na Uganda zilibaki na daftari jembamba, na daftari jembamba linaweza kupanuliwa na Bunge siku moja. Kivu ilibaki na utumishi wa Serikali, na utumishi ukikauka unaondoka na kila kitu kilichotegemea mshahara wake.

1960 na miaka ya kujitegemea

Uhuru ulipotangazwa tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu walihesabika kwa makumi machache tu nchi nzima. Madaktari wa mifugo wa Kizungu waliondoka, wengine kwa hofu katika wiki za maasi ya wanajeshi, wengine baadaye wakati wa vita vya Simba vya mwaka 1964 vilivyopita pia katika nchi ya Beni. Msaidizi aliyekuwa wa tatu au wa nne katika ofisi alijikuta wa kwanza. Hakuna aliyemwuliza kama sheria inamruhusu kupasua, kuandika dawa au kutia sahihi cheti cha nyama. Kazi ilikuwapo, mtu mwingine hakuwapo, naye aliifanya. Watu wa Lubero na Beni wanadaiwa shukrani kwa kizazi hicho, maana ndicho kilichozuia huduma ya mifugo isife siku ileile bendera ilipobadilishwa.

Serikali ya Kinshasa ilianza kupanga fani za tiba, na ilianzia juu. Madaktari wa binadamu walipata Ordre yao, yaani chombo cha kisheria cha fani, kwa amri ya tarehe 1 Machi 1968. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na elimu ya udaktari wa mifugo ikawekwa Lubumbashi. Kijana wa Butembo aliyetaka shahada hiyo alipaswa kwenda zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Wachache walikwenda, na wachache zaidi walirudi. Shule za sekondari za ufundi, zile zinazojulikana kama ITAV kwa kuwa hufundisha kilimo na mifugo, ndizo zilizojaza pengo kwa kutoa A2 mwaka baada ya mwaka.

Kisha likaja pigo la zairianisation. Katika hotuba ya tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Ranchi za Lubero na za Masisi zilibadilisha wenyewe. Zilizopata mwenye bidii ziliendelea. Zilizopata mwenye cheo tu, majosho yake yalikauka na ng'ombe bora wakauzwa. Mshahara wa mtumishi wa Serikali uliliwa na kupanda kwa bei hadi miaka ya 1980 ukawa hautoshi kununua sabuni. Veterinere wa Serikali akaanza kuishi kwa alicholipwa na mfugaji moja kwa moja. Kwenye karatasi alibaki ajenti wa umma. Kwa maisha yake alikuwa mtu binafsi anayeuza huduma bila sheria ya huduma binafsi.

Chuo cha Kataliko

Butembo haikungoja Kinshasa. Wafanyabiashara wake, Kanisa na wazazi walikuwa wamezoea kuchimba barabara, kujenga shule na kulipa walimu kwa michango yao wenyewe. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeiongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG. Ndani ya chuo hicho kikakua kitivo cha udaktari wa mifugo, jambo kubwa kwa mji usiokuwa makao ya mkoa. Kataliko alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu mwaka 1997, akafukuzwa huko na waasi mwaka 2000 na kurudishwa Butembo kwa miezi kadhaa, akafariki Roma mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Kitivo alichokiacha kiliendelea kutoa madaktari wakati risasi zikilia. Pembeni yake kilisimama pia chuo cha ISEAVF, kinachofundisha kilimo, mifugo na misitu kwa kiwango cha A1.

Utafiti wa watu wa kitivo hicho unaonyesha kwa nini ufundi wa veterinere si jambo la kubahatisha. Mwaka 2013 Moïse Kasereka Kalume na wenzake, kwa ushirikiano wa UCG na Chuo Kikuu cha Liège, walichapisha uchunguzi wa kupe na wa ndigana kali kwa ng'ombe wa Kivu ya Kaskazini. Kupe anayeeneza ndigana, Rhipicephalus appendiculatus, alikuwa mwingi kuliko aina nyingine zote. Sasa fikiria kazi ya A2 mbele ya ng'ombe mwenye homa na tezi zilizovimba. Akiitambua ndigana mapema na kutumia buparvaquone, ng'ombe ana nafasi nzuri ya kupona. Akidhani ni homa nyingine, akadunga oxytetracycline ya kawaida na kusubiri, siku za tiba zinapita na ng'ombe anakufa. Dawa zote mbili zinauzwa dukani kwa mtu yeyote mwenye pesa, na kinachompa mfugaji ng'ombe hai ni ujuzi wa anayechagua kati yake.

Vita vilikuja juu ya yote hayo. Kuanzia 1996, na zaidi tangu 1998, majeshi na makundi yalikula ng'ombe wa Kivu bila kuwalipa wenyewe. Kati ya 1999 na 2003 Beni na Butembo zilitawaliwa na kundi la waasi la RCD-K/ML, ambalo baadaye liliongozwa na Mbusa Nyamwisi kutoka Beni. Kodi za Kasindi zilikusanywa, lakini Kinshasa haikuwa na mkono huku. Miji yote miwili ilipandishwa cheo kuwa ville mwaka 2003. Katika miaka hiyo ndipo duka la dawa za mifugo lilipokuwa taasisi ya kweli ya fani. Mwenye duka alileta madawa kutoka Uganda na Kenya kupitia Kasindi, akamweka A2 nyuma ya meza, na mfugaji akaja kueleza dalili kwa mdomo. Ushauri, dawa na kipimo cha dawa vilitolewa katika dakika tatu, na hakuna aliyeandika kitu. Wengi wa vijana hao walifanya kazi nzuri kwa dhamiri zao. Lakini dhamiri ya mtu haiwezi kukaguliwa, na mfugaji aliyedanganywa hakuwa na mlango wa kugonga.

Majirani wanapanua daftari

Wakati Beni na Butembo zikijitahidi kuishi, Afrika Mashariki ilikuwa katika mjadala mkali. Serikali zilikuwa zimeacha kuajiri veterinere wapya katika miaka ya marekebisho ya uchumi, na maeneo ya wafugaji yalibaki matupu. Mashirika yakaanza kuwafundisha watu wa jamii yenyewe kwa wiki chache. Huko Sudan Kusini, tangu 1993, wachanjaji wa jamii walitumia chanjo ya sotoka isiyoharibika haraka kwa joto, iliyotengenezwa na Jeffrey Mariner na wenzake, na kufika mahali ambapo hakuna gari wala friji. Kazi yao ni sehemu ya ushindi uliotangazwa mwaka 2011, sotoka ilipofutwa duniani. Madaktari wengi walipinga kwa nguvu: mtu wa wiki chache ataharibu dawa, ataharibu jina la fani. Wengine walijibu kwamba daktari asiyekuwepo hawezi kulinda chochote. Mwezi wa Oktoba 2002 pande hizo zilikutana Mombasa katika mkutano ulioitishwa na ofisi ya Afrika ya rasilimali za wanyama, AU-IBAR, kuzungumzia sheria na taasisi za huduma ya msingi ya mifugo.

Jibu lililokomaa lilikuwa sheria. Tanzania ilipitisha Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Baraza la Veterinari la Tanzania linasajili madaktari, linaandikisha wataalamu wasaidizi wenye stashahada, na linaorodhesha wasaidizi wao wenye cheti. Kila ngazi ina daftari lake na kazi zake. Kenya ilifuata na Sheria Na. 29 ya mwaka 2011, ambayo hata kwa jina lake inawataja madaktari na wataalamu wasaidizi pamoja, ikaifuta ile ya 1953. Bodi ya Kenya huwaandikisha wote, hutoa leseni kwa anayetaka kufanya kazi binafsi, na inaweza kumwondoa daftarini aliyekosa. Mwaka 2018 OIE ilitoa mwongozo wa ujuzi ambao mtaalamu msaidizi anapaswa kuwa nao, katika afya ya wanyama, maabara na ukaguzi wa nyama, na mwaka uliofuata ukaja mwongozo wa mitaala. Msimamo wake ni kwamba msaidizi anaruhusiwa na chombo cha kisheria cha fani, kwa kazi zilizotajwa, chini ya uongozi wa daktari.

Mambo matatu katika sheria hizo yanastahili kutazamwa kwa makini na watu wa Butembo na Beni. La kwanza, daftari la umma: mfugaji anaweza kujua aliye mbele yake ni nani. La pili, mipaka ya kazi: kuchanja na kuhasi kunaweza kuwa kwa A2, upasuaji wa tumbo na vyeti vya kusafirisha wanyama vikabaki kwa daktari. La tatu, usimamizi: kila msaidizi ana daktari wa kumpigia simu, na daktari huyo anawajibika. Hayo matatu yanamlinda mfugaji. Yanamlinda pia A2 mwenye bidii dhidi ya mtu wa mkoba asiyesoma ambaye huchukua wateja wake kwa bei ya chini.

Somo la Ebola na la kimeta

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni. Ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika Beni, Mabalako, Mandima, Katwa na Butembo. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu cha Graben, mjini Butembo. Katika uchunguzi wa namna ugonjwa ulivyoenea, moja ya njia zilizojirudia ilikuwa vituo vidogo vya tiba, vile vya tradi-moderne, ambako sindano zilidungwa bila kinga na bila mtu wa kukagua. Familia zilikwenda huko kwa sababu vilikuwa karibu, vya bei nafuu, na mwenye kituo alikuwa jirani. Sababu hizohizo ndizo zinazompeleka mfugaji kwenye duka la dawa za mifugo.

Kabla ya janga hilo Kongo ilikuwa imeshapiga hatua kwa wauguzi. Wafamasia walipata Ordre yao kwa amri ya tarehe 30 Machi 1991, na wauguzi, baada ya kuidai kwa muda mrefu, wakapata yao kwa sheria Na. 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Muuguzi wa A2 leo ana chombo cha kumwandika na kumwita ajieleze. Hakuna sababu ya msingi inayomfanya yule wa wanyama astahili pungufu, kwa kuwa sindano yake inaishia katika maziwa na nyama ya watu walewale.

Mwezi wa Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Virunga, kwenye mto Ishasha na ziwa Edward, pamoja na nyati. Ulikuwa ugonjwa wa kimeta. Wasimamizi wa hifadhi waliwaonya watu wasiguse mizoga na wachemshe maji. Wavuvi wa Kyavinyonge na wafugaji wa tambarare wanaishi ukingoni mwa maji hayohayo. Kimeta hukaa udongoni miaka mingi, na kinaweza kumwua anayechuna mnyama aliyekufa ghafla. Mtu wa kwanza kuona mzoga wa ng'ombe kijijini ni veterinere wa hapo. Akijua asiupasue, akijua wa kumwarifu, kijiji kinapona. Hilo linahitaji mtu anayejulikana kwa jina na simu, aliyepewa mafunzo ya kurudia, na anayelazimika kutoa taarifa. Katika mpaka wa Kasindi, idara ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV, inatazama ng'ombe na mbuzi wanaoingia kutoka Uganda kwenda machinjio ya Beni na Butembo. Lakini mpaka ni mstari mmoja. Baada yake kuna mamia ya mazizi, na huko ulinzi ni wa A2.

Kazi iliyo mbele

Hali ya sasa ni ngumu. Mauaji ya waasi wa ADF yaliyoanza Oktoba 2014 yamewaondoa wakulima wengi kwenye mashamba ya Beni. Kundi la waasi la M23 liliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, likasonga ndani ya teritware ya Lubero, na mwishoni mwa Januari 2025 likaichukua Goma. Serikali ya mkoa imehamia Beni. Chanjo na vifaa vilivyokuwa vikipitia Goma vimepoteza njia yake, na wakimbizi wamefika Butembo na Beni wakiwa na mbuzi wachache waliookoa. Wapo watakaosema huu si wakati wa kufikiria madaftari. Historia inasema kinyume. Mwaka 1960 na mwaka 1999 Serikali ilipotoweka, fani ya mifugo ilibaki bila uti wa mgongo kwa sababu iliegemea barua za kazi. Daftari la fani, likishikwa na wenye fani wenyewe, linaweza kuvumilia mabadiliko ya watawala.

Bunge la Kinshasa ndilo lenye uwezo wa kutunga sheria ya fani kwa nchi nzima, na wabunge wa Beni, Butembo na Lubero wana kazi ya kuipeleka mbele. Mfano wa kuanzia upo mikononi mwao: sheria ya wauguzi ya 2016, ikisomwa pamoja na zile za Tanzania na Kenya. Lakini Katiba ya 18 Februari 2006 imeipa mikoa jukumu la kuwapanga watumishi wa kilimo na kusimamia utekelezaji wa sheria za kilimo, kwa hiyo ukaguzi wa mkoa, IPAPEL, hauna haja ya kukaa mikono mitupu. Pamoja na madaktari wa mifugo, UCG na ISEAVF, unaweza kuanza orodha ya kila A1 na A2 anayefanya kazi katika miji hii miwili: amesoma wapi, lini, anasimamiwa na daktari gani. Orodha hiyo ibandikwe kwenye machinjio, kwenye ofisi za komini na kwenye maduka ya dawa. Aliyejifunza kwa mkoba apewe nafasi ya kufanyiwa mtihani na kupata kiwango chake, maana wengine wao wamewahudumia wafugaji kwa uaminifu wakati hakukuwa na mwingine. Atakayekataa kupimwa, asiruhusiwe kudunga.

Kwa veterinere wenyewe, jambo hili lisiogopwe kama adhabu. Wauguzi walilidai, wakalipata, na leo wanasimama mbele ya daktari na mbele ya mgonjwa wakiwa na jina. Kwa wafugaji wa Bulengera, Bungulu, Lubero na Kasindi, neno ni moja: kabla ya kumkabidhi mtu mnyama wako, mwombe akuonyeshe diploma yake na akutajie daktari anayemsimamia. Ni haki yako, na ukiitumia kila mara, utakuwa umeanza kazi ya daftari kabla Bunge halijaimaliza.

Veterinere wa Butembo na Beni amebeba mifugo ya nchi hii kwa miaka mia moja bila kuandikwa. Aandikwe sasa.